Dawa ileile, dozi tatu: uchambuzi wa kisa cha hedhi iliyopotea

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 34, hajazaa, na anatamani mtoto. Tangu avunje ungo siku zake hazijawahi kushika mpangilio: mara siku 40, mara 60, mara kimya kabisa. Alipofika kliniki kwa mara ya kwanza ilikuwa imetimia miezi sita bila hedhi. Uzito wake ulikuwa umezidi (BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ilikuwa 34), vinyweleo vigumu vilikuwa vimeanza kuota kidevuni, na mama yake mzazi aliwahi kulazwa kwa sababu ya damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Hilo la mama halikuandikwa kwenye faili siku ile. Lilijulikana baadaye sana, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunganisha kutokana na hali zinazojirudia kliniki, si habari za mtu mmoja. Dozi zinazotajwa ndizo zinazotumika kweli, ila kila moja ilipangwa kwa hali ya mgonjwa huyu na kwa hatua aliyokuwa amefikia. Hilo ndilo litakaloonekana kadiri tunavyoendelea.

Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Akaandikiwa medroksiprojesteroni asetati, vidonge vya miligramu 10. Juu ya bahasha paliandikwa 1×1, siku 10, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Akaambiwa vitashusha damu. Hakuambiwa lini.

Siku ya nne tumbo lilikuwa limemjaa, matiti yanauma, mchana anasinzia, na damu haionekani. Akaamini dozi ni ndogo. Kuanzia siku ya tano akawa anameza viwili viwili, na siku ya saba vidonge vikaisha. Asubuhi ya siku ya nane alikuwa duka la dawa akieleza kwamba dawa ya kushusha hedhi imegoma. Akapewa noretisteroni ya miligramu 5, 1×3 (kidonge kimoja mara tatu kwa siku), siku 10. Akaimeza yote bila kuruka hata kimoja.

Siku tatu baada ya kidonge cha mwisho, damu ikaja. Ilikuja kwa mabonge, pedi inaloa ndani ya saa moja au mbili, usiku anaamka kubadilisha shuka. Siku ya sita alipata kizunguzungu akiwa bafuni, ndugu zake wakamkimbiza hospitali. Hemoglobini ilikuwa gramu 8.2 kwa desilita, yaani damu ilikuwa imempungua sana.

Kwa nini damu haikuja alipoitarajia

Medroksiprojesteroni ni projestini, yaani homoni iliyotengenezwa maabara ifanye kazi ya projesteroni ya mwili. Projesteroni yenyewe ikimezwa, ini huivunja haraka mno. Ndiyo sababu katikati ya karne iliyopita wanakemia walihangaika kutafuta molekuli zinazovumilia safari ya tumboni. Noretisteroni ilipatikana mwaka 1951 katika maabara ya Syntex, jijini Mexico. Medroksiprojesteroni ilifuata miaka michache baadaye.

Katika mzunguko wa kawaida, estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, hujenga utando wa ndani wa mji wa mimba kwa takribani wiki mbili. Yai likishatoka, mahali lilipotoka hugeuka kuwa kiwanda kidogo cha projesteroni. Projesteroni huuzuia utando usiendelee kurundikana, huukomaza na kuushikilia. Mimba isipotungwa, kiwanda hufa, projesteroni hushuka, na utando hubomoka. Hedhi ni matokeo ya kushuka huko. Projesteroni ni nguzo iliyoegemewa na ukuta, na ukuta huanguka pale nguzo inapoondolewa.

Kwa hiyo anayemeza projestini ili apate hedhi hatakiwi kutazamia damu wakati bado anameza. Kila kidonge kinachoingia kinaushikilia utando. Medroksiprojesteroni hupungua hadi nusu katika damu kwa takribani saa 12 hadi 17, kwa hiyo baada ya kidonge cha mwisho hupita siku mbili hivi kabla mwili haujahisi upungufu. Damu huja kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba baada ya kuacha. Maelekezo kamili yangekuwa: meza siku 10, acha, kisha ngoja wiki moja. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyokosekana kwenye bahasha, na naiona kuwa ni sehemu ya dozi sawasawa na miligramu.

Alipoongeza vidonge hakuharakisha chochote. Kwa utando ambao tayari umejengwa na estrojeni, miligramu 10 kwa siku 10 zinatosha kuukomaza wote. Kuzidisha hadi 20 hakuongezi ukomavu. Urefu wa muda una uzito kuliko ukubwa wa kidonge. Kwa wanawake wanaotumia estrojeni baada ya kukoma hedhi jambo hili linajulikana vizuri: ili utando ulindwe, projestini hutolewa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, na siku zikipunguzwa ulinzi nao hupungua. Mgonjwa wetu, kwa kudhani anaongeza nguvu ya tiba, aliikata kutoka siku 10 hadi saba. Hata anayesahau kidonge kimoja haongezi viwili kesho yake. Hukimeza anapokumbuka, na kama muda wa kinachofuata umekaribia, huendelea na hicho tu.

Yale maumivu ya matiti, kujaa tumbo na kusinzia hayakuwa dalili kwamba hedhi inakaribia, wala kwamba dawa imemkataa. Ni athari za kawaida za projestini. Wengine huongezeka hamu ya kula, wengine hushuka moyo. Kumeza usiku, baada ya chakula, huwasaidia wengi.

Noretisteroni iliyoongezwa juu yake

Simlaumu mgonjwa kwa kwenda dukani. Aliambiwa dawa itashusha damu, damu haikushuka, akatafuta nyingine. Kilichotokea ni kwamba siku ileile ambayo projestini ya kwanza ilianza kuisha mwilini, projestini ya pili ikaingia. Utando ukaendelea kushikiliwa kwa siku 10 nyingine. Matumizi haya tunayafahamu kwa jina lingine: mwanamke mwenye safari au harusi anayetaka kuahirisha hedhi hupewa noretisteroni hiyohiyo, miligramu 5 mara tatu kwa siku, akianza siku tatu kabla ya tarehe anayoitarajia, na hedhi humjia siku mbili hadi tatu baada ya kuacha. Yaani mgonjwa aliyekuwa akiitafuta hedhi alipewa dozi ya kuiahirisha.

Lipo na la pili, ambalo linanitia wasiwasi zaidi. Noretisteroni si projestini tupu. Sehemu yake ndogo hugeuzwa na mwili kuwa etinilestradioli, ileile estrojeni iliyomo kwenye vidonge vya majira vya mchanganyiko. Kwenye kidonge kidogo cha uzazi wa mpango chenye mikrogramu 350 za noretisteroni kiasi kinachogeuzwa hakina uzito. Kwa miligramu 10 hadi 20 kwa siku, kinakaribia kile ambacho mtu angepata kwa kumeza kidonge cha majira chenye mikrogramu 20 hadi 30 za estrojeni hiyo. Ndiyo maana mwenye historia ya damu kuganda, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, au mwenye uzito mkubwa na ndugu wa karibu aliyewahi kuganda damu, anapaswa kuulizwa kwanza. Medroksiprojesteroni haigeuki hivyo. Hizi dawa mbili zinakaa rafu moja na kuitwa kwa jina moja la kazi, lakini mgonjwa mwenye BMI 34 na mama aliyelazwa kwa mguu ulioganda damu hakupaswa kupata miligramu 15 kwa siku bila mtu kumuuliza swali hata moja.

Alipolazwa, miguu yake ilikaguliwa kwanza: haikuvimba, haikuuma, na kupumua hakukuwa na shida. Hapo palikuwa na bahati.

Sitaki pia kuibebesha noretisteroni mzigo wote wa ile damu nyingi. Utando uliokuwa ukijengwa kwa miezi sita bila kubomoka ungetoa damu nyingi hata kama angefuata maelekezo vizuri. Alichopoteza kwa kuongeza dawa ni taarifa. Kidonge cha siku 10 ni tiba, na pia ni kipimo. Damu ikija ndani ya wiki moja au mbili baada ya kuacha, tunajua kwamba estrojeni ipo, utando upo, njia iko wazi, na kinachokosekana ni yai kupevuka. Isipokuja, njia inageuka kabisa: huenda estrojeni iko chini sana kwa sababu ubongo umeacha kuziamuru ovari, au ovari zimechoka mapema, au ndani ya mji wa mimba pana makovu, au mimba ilikuwepo na kipimo cha kwanza kiliwahi mno. Kwa kuchanganya dawa, jibu hilo lilivurugika.

Dozi ya kuzuia

Pale wodini mgonjwa aliuliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi wa tiba alisikie: "Daktari, hizi ndizo zilizonitoa damu, sasa mnanipa zilezile ziizuie?"

Ndiyo, zilezile. Alipewa medroksiprojesteroni miligramu 20 mara tatu kwa siku kwa siku saba, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa wiki tatu. Ni jumla ya miligramu 60 kwa siku mwanzoni, mara sita ya dozi ya kliniki. Lengo sasa ni kuurudishia nguzo utando uliokuwa ukibomoka ovyo, na kuishikilia hapo hadi damu na nguvu zirudi. Ameze mfululizo, asiache ghafla, asiruke kwa kuwa damu imekata siku ya tatu. Akiacha mapema, mlango uleule unafunguka tena.

Vidonge vya majira vya dozi kubwa, ambavyo pia hutumika kuzuia damu ya namna hii, viliachwa kwa ajili ya estrojeni iliyomo na historia ya mama. Asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu isivunjike ikishaganda, haikutolewa. Daktari wa zamu alisita kwa sababu ile noretisteroni ilikuwa imeisha siku chache tu zilizopita. Huo ni uamuzi ambao watu wanaweza kutofautiana. Historia ya ndugu peke yake haimkatazi mgonjwa dawa hiyo, na mwingine angempa, nisingemwona amekosea. Damu ilipungua siku ya pili, ikakata siku ya nne.

Kabla ya kidonge cha kwanza cha wodini kumezwa, vilifanyika vitu viwili ambavyo naviona ndivyo vilivyookoa kisa hiki. Kipimo cha mimba kilirudiwa. Na ilichukuliwa biopsi, kipande kidogo cha utando kwa mrija mwembamba unaopitishwa mlango wa kizazi. Mwanamke wa miaka 34 si lazima apimwe hivyo kila anapotoka damu. Wengi huanza kufikiriwa wakifika miaka 45. Ila uzito, miaka mingi ya mayai kutopevuka na miezi sita ya kimya vilikuwa sababu tosha. Projestini hutibu matatizo mengi ya utando, na kwa sababu hiyohiyo inaweza kuyaficha. Damu isiyojulikana chanzo ni miongoni mwa mambo yanayokataza kuianza kwa mazoea, pamoja na mimba, saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, na historia ya mgonjwa mwenyewe kuganda damu au kupata kiharusi.

Ultrasaundi ilionyesha ovari kubwa zenye vifuko vidogo vingi. Prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni za tezi ya shingo zilikuwa sawa, testosteroni ilizidi kidogo. Ukijumlisha na hedhi zilizopishana, hiyo ni PCOS, yaani hali ya ovari zenye vifuko vingi ambayo mayai hayapevuki kwa mpangilio.

Dozi ya kutibu

Majibu ya biopsi yalirudi akiwa bado anameza miligramu 20 kwa siku. Utando ulikuwa na haipaplasia isiyo na atipia: seli zimeongezeka kupita kiasi kwa kusukumwa na estrojeni bila mpinzani, ila zenyewe hazijaharibika sura. Si saratani. Bila tiba, uwezekano wa kugeuka saratani ndani ya miaka 20 ni chini ya asilimia 5, na mara nyingi hurudi kuwa kawaida, hasa kwa projestini.

Hapa ndipo kidonge cha miligramu 10 kinarudi kwa sura ya tatu. Mwongozo wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza wa mwaka 2016 unaweka mbele kitanzi chenye levonojestreli, projestini nyingine, kile cha miligramu 52 ambacho mwanzoni hutoa takribani mikrogramu 20 kwa siku moja kwa moja kwenye utando. Asiyekitaka hupewa vidonge kila siku bila kupumzika: medroksiprojesteroni miligramu 10 hadi 20, au noretisteroni miligramu 10 hadi 15, kwa muda usiopungua miezi sita. Kumeza siku 10 au 14 tu za kila mwezi hakushauriwi kwa haipaplasia, kwa kuwa huponya wachache zaidi.

Kitanzi ningekichagua mimi. Huponya zaidi ya vidonge, hakimtegemei mtu kukumbuka, na homoni inayofika kwenye damu ni kidogo. Mgonjwa alikataa. Aliogopa kwamba kitamchelewesha kuzaa, na hata alipoelezwa kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi upesi kikitolewa, hakuridhika. Ni mwili wake. Aliandikiwa medroksiprojesteroni miligramu 10 kila usiku. Noretisteroni haikufikiriwa tena, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Akauliza pia kama hii ndiyo ileile ya sindano ya miezi mitatu. Molekuli ni hiyohiyo. Sindano ni miligramu 150 zilizohifadhiwa kwenye msuli na kuachiliwa taratibu. Nusu ya wanaoiacha wakitaka mimba huipata ndani ya miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine huchukua muda mrefu zaidi. Kidonge huisha mwilini kwa siku chache. Na lipo la upande wa pili ambalo wengi hulikosea: vidonge vya siku 10 vya kushusha hedhi si uzazi wa mpango. Mwenye PCOS anaweza kutoa yai mwezi wowote bila taarifa, na asiyetaka mimba anahitaji kinga nyingine.

Alipoulizwa dawa nyingine anazotumia, alisema hatumii. Swali hili haliruki mtu anayeanza miezi sita ya projestini: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi, zote huliamsha ini livunje homoni haraka, na dozi iliyopangwa vizuri inakuwa pungufu.

Miezi miwili ya kwanza alitoka matone ya damu kahawia mara kwa mara. Safari hii alikuwa ameelezwa, akaendelea kumeza. Aliongezewa vidonge vya madini ya chuma, akapata ushauri wa kupunguza uzito. Kwa haipaplasia na PCOS hilo ni sehemu ya tiba, kwa sababu mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni, na kwa wenye uzito mkubwa projestini hushindwa mara nyingi zaidi. Alipunguza kilo sita.

Ilipofikia

Biopsi ya mwezi wa sita ilikuwa safi. Kwa kawaida hutakiwa mbili safi mfululizo, zikipishana miezi sita, kabla ya kumwachilia mgonjwa. Anayetaka mimba anaweza kuruhusiwa kujaribu akishapata moja. Medroksiprojesteroni ikaachwa, damu ikaja siku ya tano, ya kiasi cha kawaida. Kuanzia siku ya tatu ya damu hiyo alianzishwa letrozoli miligramu 2.5 kwa siku tano, kupevusha yai, akifuatiliwa kwa ultrasaundi.

Mpango ulioandikwa kwenye faili lake ni huu: mzunguko usipoleta hedhi wala mimba, asikae zaidi ya siku 90. Apime mimba kwanza; ikiwa hasi, medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku 10, aache, angoje, na kama hakuna damu ndani ya siku 14 arudi kliniki bila kununua kitu kingine. Akitoka damu inayoloweka pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au akakosa pumzi ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Biopsi ya pili ni baada ya miezi sita, isipokuwa awe amepata mimba.